Mafungu Yaliyofagiwa Kithyoko

Juzi mlinifanyia sherehe ya kustaafu, mkanipa saa ya ukutani ili nijue vizuri saa ambazo siendi kazini. Mkurugenzi alisoma hotuba akaniita nguzo ya kampuni, na jina langu akalitamka vibaya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha mmoja wenu, aliyekuwa ameshiba nyama ya mbuzi kuliko sote, akaniomba niwaandikie hekima kwenye lile kundi letu la WhatsApp. Hekima sina. Nina mgongo mbovu, sikio la kushoto nililoliacha kwenye kompresa, na mashimo kichwani. Nitawaandikia mashimo. Vyeo na mishahara nitaruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua, maana hata nyinyi mnalipwa hapo hapo.

Kama kuna mtu mwingine atakayesoma haya, ajue kwamba sisi ni wachimbaji wa visima virefu. Si vya sururu na jembe. Tunakuja na lori lenye mtambo mgongoni, ambao kila mtu anauita rigi, na lori la pili limebeba kompresa. Upepo wa kompresa unateremka ndani ya rodi, unaipiga nyundo, nyundo inaipiga biti, biti inausaga mwamba, na upepo huo huo unaupandisha juu mwamba uliosagwa. Kazi yote ndiyo hiyo. Yaliyobaki ni kelele, vumbi, na kungoja vipuri kutoka Nairobi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa huko kwetu Kathiani, mlimani, kwenye shule iliyotaka kisima. Nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi, kwa sababu niliambiwa ni kazi ya kiufundi, na mimi kijijini kwetu sikuwa nimemwona fundi mwingine aliyeheshimika zaidi ya fundi wa saa. Msimamizi wa rigi alikuwa Mzee Ngumbau, mtu mfupi mwenye kope zilizojaa vumbi muda wote. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Wewe umekuja kuoa ama kuchimba?"

"Kuchimba, mzee."

"Basi vai thina," akasema, hakuna shida. "Hiyo shati jioni itakuwa na rangi ya kazi."

Kufikia saa nane ilikuwa na rangi ya kazi. Mama yangu aliiloweka wiki nzima, mwishowe akaigeuza kitambaa cha kupangusia meza, na hata meza haikupendezwa nayo.

Ngumbau hakunipa nyundo wala hakuniruhusu nikaribie zile leva za kuendesha rigi. Alinipa sepetu. Kila baada ya mita mbili, nikinge unga na vipande vya mwamba vinavyorushwa kutoka shimoni, nivimwage kando kwenye ardhi tambarare, fungu moja. Mita mbili nyingine, fungu jingine upande wa kulia wa lile la kwanza. Niendelee hivyo hadi mwisho wa shimo, mstari ulionyooka, mafungu yamepangwa kama ya nyanya sokoni. Nilidhani ananidharau. Nikamuuliza ni lini nitafundishwa kazi yenyewe.

"Kazi yenyewe ndiyo hii," akanijibu. "Kwa shimo hatuwezi kuingia. Kwa hivyo tunalitoa nje na kulilaza hapa. Hii yote ni shimo, Kioko. Limelala tu. Mtu akivuruga mafungu, amevunja shimo."

Alikuwa na ukali wake kuhusu jambo hilo. Hakuna kuruka mstari wa mafungu, hakuna kuegesha pikipiki karibu, na mbuzi aliyekanyaga fungu alitukanwa hadi ukoo wake. Jioni alichuchumaa na chujio la chai, lile la kawaida la jikoni lenye mpini wa plastiki, akachota kidogo kutoka kila fungu na kuosha kwa maji ya chupa. Unga ulikwenda na maji, vikabaki vijipande. Hapo ndipo alipoanza kunifundisha majina. Vinavyometa na kubanduka kama maganda ya kitunguu ni ulanga. Vyeupe vigumu vyenye ncha za kukata kidole ni kwatzi. Vyenye mistari myeusi na myeupe ni naisi, mwamba mama wa Ukambani, ambao ukikutana nao mzima bila ufa unaweza kuchimba mpaka ustaafu. Na vile laini vinavyobaki mkononi kama ugali mbaya ni mwamba uliooza.

"Na maji iko kwa gani?" nikamuuliza.

"Maji haikai kwa jiwe. Inapita kwa ufa. Wewe tafuta kutu." Akanionyesha kijipande cha kwatzi chenye upande mmoja wa rangi ya chungwa. "Hapa maji imepita miaka na miaka. Chuma kikipitiwa na maji kinafanya nini? Si kinashika kutu? Basi."

Mimi nilisoma sayansi shuleni na sikuwahi kuelezwa jambo kwa haraka namna hiyo.

Kwa kuwa nimetaja majina, niwakumbushe pia semina ya istilahi. Tulipelekwa hoteli moja Machakos mjini, tukakalishwa mbele ya mtaalamu mwenye tai, akatufundisha kwamba biti kwa Kiswahili safi ni kekee, na kwamba kila chombo chetu kina jina lake bora kuliko tunaloliita. Tulipiga makofi, tukala kuku, tukapewa vyeti. Jumatatu tulirudi saiti na Ngumbau akapaza sauti, "Leta biti!" na biti ikaletwa. Hakuna aliyeleta kekee. Cheti changu bado ninacho, kiko nyuma ya ile saa.

Baadaye Ngumbau alistaafu, nami nikakalia kiti chake. Hakuniachia maneno marefu. Alinipa chujio la chai, akasema mpini umelegea, nisilishike kwa nguvu.

Kuna shimo moja la Mwala ambalo sitalimaliza hata kulieleza, kwa hivyo nitasema sehemu tu. Mwanajiolojia alipima ardhi kwa mitambo yake, akatia alama ya rangi kwenye jiwe bondeni. Kamati ya kanisa ikakutana, ikaomba, ikaona kwamba bondeni ni mbali, na kwamba Mungu mwenye uwezo wote anaweza kabisa kuweka maji nyuma ya jiko la kanisa. Tulichimba nyuma ya jiko. Naisi mzima, mafungu ya mistari myeusi na myeupe kutoka juu hadi chini, mazuri ya kutengenezea sakafu. Tangu wakati huo nimegundua kwamba popote pale, maji yanapenda sana kuwa mkabala na geti la mwenyekiti.

Sasa nije Kithyoko, maana ndiko mlikotaka nifike. Najua mnaisimulia vibaya kwenye vilabu vya chai.

Ni mbele ya soko, upande ambao ardhi inateremka kuelekea mto Tana. Kijiji chenyewe kilikunywa maji ya kuchimbua mchangani. Mto wao wa karibu ni wa msimu. Kiangazi unabaki mchanga mtupu, na watu wanachimba shimo fupi ndani ya mchanga huo na kungoja maji yatoe jasho, jagi baada ya jagi. Yakikosekana hapo, punda walikwenda Tana na kurudi, na punda wa huko wana sura ya mtu anayefikiria kujiuzulu. Wafadhili wa kanisa moja walikuwa wamelipia kisima. Kampuni nyingine ilichimba ng'ambo ya barabara na kupata shimo kavu. Wafadhili wakasema watalipia shimo moja zaidi, na likishindikana watapeleka pesa zao mahali pengine. Hapo ndipo tukaitwa sisi.

Shamba la shimo la pili lilitolewa na mjane mmoja, Kalondu, mama mzee aliyenyooka mgongo kuliko mimi. Mumewe alikuwa amezikwa hapo hapo, hatua chache kutoka alama ya mwanajiolojia. Wakati wa uhai wake huyo mzee alichimba kisima kwa mikono katika shamba hilo, kila kiangazi akiongeza kidogo, mpaka sururu ikagonga mwamba mgumu na kukataa. Alikufa kikiwa kikavu. Ndugu za marehemu hawakufurahia shamba kutolewa, na walimwambia Kalondu mbele yetu kwamba likitoka vumbi tena, atakuwa ametupa ardhi ya watoto kwa sababu ya ndoto ya marehemu. Yeye akatugeukia sisi. Alituuliza tu kama tunakunywa uji wa wimbi.

Tulichimba kutwa nzima. Chini ya lile jiwe lililomshinda marehemu kulikuwa na mwamba uliooza, na maji ya kwanza yakaja mapema mno. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Nikayaonja. Yalikuwa ya chumvi, ya kuchemshia maharagwe labda, ikiwa humpendi mgeni. Tukaendelea kuteremka ndani ya naisi. Mwishoni kabisa nyundo ikaanza kukimbia, biti ikashuka bila kupigana, na maji yakaongezeka. Juu lilitoka tope zito la kijivu, fungu la mwisho. Tukasimamisha mtambo kabla ya jua kuzama.

Hapa niwaeleze vizuri, maana ndipo shida ilipo. Shimo likishachimbwa, linavishwa kesingi, yaani mabomba ya kulizuia lisiporomoke. Yako mabomba mazima na yako yenye matundu. Mazima unayaweka pale ambapo hutaki maji yaingie, kama vile kwenye ile chumvi. Yenye matundu unayaweka kwenye ufa wenye maji mazuri. Ukikosea, kosa hilo halirudi nyuma. Na ile sehemu laini ya chini kabisa ilikuwa fumbo. Kama ni kwatzi iliyovunjika, tungeweka matundu na kijiji kingekunywa. Kama ni mwamba uliooza, matundu yangenyonya udongo, na pampu ingetapika matope hadi ife. Kwenye kitabu cha siku nilikuwa nimeandika rodi na mita. Mawe yenyewe yalikuwa nje kwenye mafungu, na kazi ya kuyasoma ilikuwa ya mwanajiolojia wetu, Nduku, binti mdogo wa chuo kikuu aliyekuwa aje asubuhi. Fungu la mwisho lilikuwa tope bado, hakuna aliyeliosha. Nikalala vizuri. Shimo lilikuwa limelazwa pale nje, zima, kushoto kwenda kulia.

Asubuhi tulikwenda sokoni kunywa chai. Tuliporudi na Nduku, uwanja ulikuwa unang'aa. Umefagiwa kwa matawi mpaka mistari ya ufagio inaonekana, umenyunyiziwa maji kidogo vumbi litulie, na viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai. Mafungu hayakuwepo hata moja. Pale yalipokuwa palikuwa pasafi kama mezani kwa askofu.

Mwenyekiti wa kamati, Muthiani, alitujia akiwa na koti na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na furaha ya mtu anayengoja kusifiwa.

"Fundi, umeona vile tumepanga? Mheshimiwa anakuja saa nne kuona mradi."

"Mawe iko wapi?" nikamuuliza.

"Mawe gani?"

"Mafungu. Ile ilikuwa hapa imepangwa."

"Ah, ile takataka? Tuliitoa. Mgeni hawezi kukuta boma iko chafu hivyo, fundi, hata wewe unajua."

Najua, ndiyo. Mimi ni Mkamba. Mgeni akija unafagia, hata kama nyumba inaungua. Ninachotaka kusema ni kwamba wakati huo niliongea maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye kundi ambalo pia lina mchungaji. Nduku alikaa kwenye kiti cha mheshimiwa na kushika kichwa. Nilimwonea huruma, maana yeye ndiye angetia sahihi, na kosa la shimo huwa linamfuata mwenye sahihi, si mwenye ufagio.

"Mliipeleka wapi?" Nduku akauliza mwishowe. "Mlimwaga kwa shimo la taka?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika ufagio, Mbithe, msemaji wao wa kuzaliwa, akaonekana kukasirika. "Asi! Tumwage? Kitu kizuri hivyo? Tuligawana."

"Mligawana?"

"Si ilikuwa imepangwa mafungu?"

Fikirini hapo kidogo. Miaka yote ile nimetukana mbuzi, nimefukuza pikipiki, nimeweka kamba za kuzuia watoto, na sikuwahi kufikiria jambo lililo wazi kabisa. Katika nchi hii yote, kitu kilichopangwa mafungu kimepangwa kigawanywe. Unga wenyewe ni mzuri, wa kijivu, una kumeta kwa ulanga. Unasugua sufuria, unakandika jiko, unaziba nyufa za ukuta. Kila mwanamke alichukua fungu lake kwa beseni na kwenda nalo nyumbani. Shimo letu lilikuwa limekwenda jikoni, nyumba kwa nyumba, kijiji kizima.

Wenzangu wa rigi walipendekeza tuweke mabomba yenye matundu kila mahali na kuomba. Muthiani alipendekeza tumalize suala hilo baada ya mheshimiwa. Mimi nilikuwa tayari kumpigia bosi simu niambiwe mimi ni mjinga, maana hiyo ilikuwa huduma pekee ambayo ofisi ilitoa papo hapo. Hata tukirudishiwa mawe yote, nilimwambia Nduku, tungepata rundo tu, si shimo. Nani angejua lipi lilikuwa la juu na lipi la chini?

Nduku akainua kichwa. "Mama Mbithe, mlichukua aje? Kila mtu alikimbilia yenye anataka?"

"Tukimbilie?" Mbithe akasema, na wanawake wenzake wakaguna. "Sisi si kuku. Tulipanga laini. Ile laini ya mtoni."

Laini ya mtoni. Mahali ambapo maji yanatoka jagi baada ya jagi, foleni si mchezo. Kila mwanamke wa kijiji kile ana nafasi yake kwenye kisima cha mchangani, na anaijua kama anavyojua jina la mama mkwe wake, tena kwa heshima zaidi. Anajua aliye mbele yake na aliye nyuma. Asubuhi ile, walipoona mafungu, hawakuhitaji mtu wa kuwaambia. Walijipanga vile vile, wa kwanza akachukua fungu la kwanza kushoto, wa pili la pili, mpaka mwisho.

"Basi jipangeni tena," Nduku akasema. Alikuwa amesimama tayari. "Kila mtu arudi na yake. Hata kama imebaki kidogo."

Waliondoka, wakarudi mmoja mmoja na mabeseni. Mimi nimeona vikao vingi vya wataalamu, lakini sijawahi kuona kikao kilichoendeshwa vizuri kama foleni ile. Mmoja alijaribu kusimama mbele ya jirani yake, wakamrudisha kwa jicho tu. Mwingine alikuwa amekwisha kusugua sufuria. Akaja na sufuria yenyewe na kijiko cha kukwangulia. Wa tatu alikuwa amekandika jiko, akabandua bamba la udongo mbichi na kulileta mikononi kama keki ya harusi. Nduku alitembea kwenye mstari na chujio langu la chai, akichota, akiosha, akitazama.

"Hii yangu si nzuri kwa sufuria," Mbithe alimwambia. "Inashika mkono tu."

"Mwamba uliooza," Nduku akasema, akaandika.

"Kutoka kwa Ndinda kwenda kule ndiyo inasugua."

Na kweli, kutoka kwa Ndinda ndipo naisi mgumu ulipoanzia. Nduku alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sasa tulijua chumvi inaishia wapi na mabomba mazima yafike wapi. Muthiani alikuwa akizungumza na simu wakati huo, akatujulisha kwamba mheshimiwa amepata udhuru na anatutakia kila la heri. Hakuna aliyegeuka.

Mstari ulikuwa na upungufu mmoja tu. Nafasi ya mwisho ilikuwa tupu.

"Nani huwa wa mwisho?" nikauliza.

"Mwaitu Kalondu," wakanijibu, yaani mama Kalondu. "Yeye ndiye anafunikanga kisima."

Wa mwisho mtoni ndiye anayekifunika kisima kwa matawi ya miiba, mbuzi wasikichafue. Hakuna anayependa nafasi hiyo, kwani ukifika maji yamebaki matope. Kalondu aliichukua tangu alipokuwa bibi harusi, na hakuiachia hata alipozeeka. Na fungu la mwisho, lile tope la chini kabisa ambalo kisima chote kililitegemea, lilikuwa kwake.

Mimi na Nduku tulimkuta kwenye kaburi la mumewe. Hakuwa amesugua sufuria wala kukandika jiko. Alikuwa amelimwaga fungu lile juu ya kaburi, upande wa kichwani, na kulisawazisha kwa kiganja.

"Mwaitu," nikamwambia, na ukali wote wa asubuhi haukuwepo tena mdomoni, "hiyo ndiyo tunatafuta."

Hakushtuka. "Nilitaka aone," akasema. "Yeye aliachia hapa juu kwa hiyo jiwe. Kila siku alikuwa ananiambia, Kalondu, iko maji chini ya hii jiwe, ni mimi nimeshindwa. Watu walimcheka. Nikaona nimletee kidogo, aone mmepita pale aliachia."

Nduku akamweleza polepole kwamba tunahitaji kuosha kidogo tu, tujue kama ni jiwe la maji au ni udongo, ndipo tujue tuweke mabomba gani. Kalondu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mtaosha na nini?"

Maji yetu ya rigi yalikuwa yamekwisha asubuhi ile, yalitumika kunyunyizia uwanja wa mheshimiwa, na chupa ya mwisho Nduku alikuwa ameimalizia kwenye mstari. Kalondu akaingia ndani na kutoka na jagi lililojaa nusu. Nyumbani mwake hakukuwa na maji mengine, nilijua hilo kwa vile alivyoweka mkono chini ya jagi, tone lisipotee. Akachota mwenyewe tope la kaburini kwa vidole, akalitia ndani ya chujio, akamimina. Maji yalitoka kijivu, kisha meupe, kisha safi. Ndani ya chujio vikabaki vijipande vyeupe vyenye ncha, na karibu kila kimoja kilikuwa na upande wa rangi ya chungwa.

Nduku alivishika mkononi akanitazama. Nilitaka kusema kitu cha kitaalamu. Nikasema, "Kutu."

"Ni mbaya?" Kalondu akauliza.

"Ni maji, mwaitu. Imepita hapo tangu zamani. Mzee hakukosea."

Alilifunika jagi lake tupu kwa kifuniko, taratibu, kana kwamba bado lilikuwa na kitu ndani. Kisha akalia. Nami nililia, na atakayeandika hapo chini kwamba ni vumbi atafute kundi jingine.

Tuliteremsha mabomba siku ile ile, mazima mpaka kupita chumvi, yenye matundu chini kabisa. Tukamimina changarawe, tukasafisha shimo kwa upepo. Kwanza yalitoka matope, kisha maziwa, kisha maji matamu, mengi, na hayakupungua. Ndugu za marehemu walikuwa wa kwanza kusema kwamba wao walijua tangu mwanzo. Muthiani alipigwa picha akiwa ameshika bomba. Wanawake hawakusukumana. Walipanga madumu yao laini ya mtoni, kila mmoja nyuma ya mwenzake, na Mbithe akajaribu kumvuta Kalondu mbele ateke wa kwanza kwa sababu shamba ni lake. Alikataa. Alikaa nyuma kabisa na jagi lake, na zamu yake ilipofika maji yalikuwa bado safi.

Hakwenda nayo nyumbani. Alikwenda kaburini, akamimina jagi zima juu ya yale mawe yaliyobaki, akarudi akapanga foleni upya.

Niwaachie hilo, basi, badala ya hekima. Pangeni mafungu yenu mbali na ufagio, na mkifika kijiji kigeni ulizeni kwanza ni nani huwa wa mwisho kuteka. Kuhusu ofisi, walilalamika sana kwamba sanduku la sampuli za Kithyoko lilifika likiwa na nafasi moja tupu. Nduku aliwaandikia kwamba sampuli ya mwisho imehifadhiwa kwenye eneo la mradi, chini ya uangalizi wa mtu aliyeanzisha uchimbaji. Nilimsaidia kuweka muhuri.